Kipa mmoja, makocha wawili

Makocha wawili walimtaka binti yangu Jumamosi ileile. Wa mpira wa miguu, hapa mtaani kwetu Katuba, Lubumbashi, alisema kipa wake hawezi kukosa mazoezi. Wa kikapu, wa shuleni kwao, alisema hivyohivyo. Mtoto alikuwa na miaka 13, anarefuka kila ukimtazama, na goti la kushoto limeanza kumuuma.

Lubumbashi mtoto hauendei mpira, mpira ndio unamfuata hadi mlangoni. Nyumba moja ina mtu wa Mazembe na mtu wa Lupopo, timu mbili za mji zinazoshindana, na wote wanapaza sauti. Tangu wanawake wa Mazembe watwae Ligi ya Mabingwa ya Afrika mwaka 2024, wazee waliokuwa wakiniuliza binti anatafuta nini uwanjani wamenyamaza kidogo. Wangu aliingia golini akiwa mdogo kwa sababu moja tu: wavulana wa mtaa wote walitaka kufunga, hakuna aliyetaka kudaka.

Kikapu kilikuja baadaye, na hapo ndipo nilipoona golini alikuwa amefundishwa mengi. Alijua kumsogelea mwenye mpira ili kumfinyia nafasi. Alisoma mpira ukiwa bado hewani. Kocha wa kikapu alidhani kuna mtu aliyemfundisha kuzuia. Lakini kuna tabia zilizomgharimu. Kipa akiruka kwenye kona hutanguliza goti moja ili ajikinge. Ukifanya hivyo chini ya kikapu ukampata mwenzako, ni faulo. Mpira ukipita chini aliupiga teke bila kufikiri, filimbi inalia, wenzake wanacheka. Na mara moja alijirusha kudaka mpira kwenye saruji. Hiyo hakuirudia.

Faida ilirudi pia upande wa pili. Kugombea ribaundi, yaani mpira unaorudi baada ya kukosa kikapu, kulimfundisha kuushika mpira juu kabisa, mikono imenyooka, badala ya kuusubiri ushuke kifuani. Krosi zilizokuwa zikimtisha akaanza kuzifuata mwenyewe.

Goti sasa. Daktari alibonyeza uvimbe mdogo chini ya pia ya goti, mtoto akashtuka. Alituambia ni Osgood-Schlatter: kano inayotoka kwenye pia ya goti inavuta pale ilipojishika kwenye mfupa wa muundi, na kwa mtoto anayekua haraka pale bado ni laini. Kukimbia na kuruka kwingi ndiko kunakolichokoza. Kwa kawaida halihitaji upasuaji, linatulia ukuaji ukiisha. Dawa kubwa ni kupunguza mzigo, barafu baada ya mazoezi, na kunyoosha misuli ya mapaja. Kisha akanipa kipimo ambacho madaktari wa michezo hukitumia: saa za mazoezi na mechi kwa wiki zisizidi miaka ya mtoto, na siku moja au mbili za wiki ziwe za kupumzika.

Nikachukua karatasi. Kocha wa mpira alikuwa akihesabu saa zake, wa kikapu akihesabu zake, na kila mmoja kwa upande wake alikuwa na haki. Ukizijumlisha, ziliipita miaka ya mtoto, na hapo bado michezo ya mtaani jioni. Mwili ulikuwa mmoja ila hakuna aliyekuwa anaujumlisha.

Kocha wa mpira ndiye aliyekuwa mgumu. «Papa, mtoto huyu akishika kikapu tumempoteza.» Nikamwambia, «Kocha, simtoi kwako. Nataka umpate akiwa na magoti.» Nikamtajia Hakeem Olajuwon, aliyekuwa kipa na mchezaji wa mpira wa mikono huko Lagos kabla ya kikapu kumpeleka Marekani. Akanijibu kwamba huo ndio mfano wa kipa aliyepotea. Hapo sikuwa na jibu, tukacheka wote. Wa kikapu hakuhitaji mfano. Bismack Biyombo, aliyefika hadi NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, amezaliwa mji huuhuu.

Tulikubaliana kufuata majira. Miezi ya mvua kikapu kinatangulia, maana saruji inakauka upesi na kiwanja cha mpira kimekuwa matope. Golini anakwenda mara moja kwa wiki, kwa kazi ya mikono na pasi za miguu. Kuanzia Mei mpira unatangulia, na kikapu kinabaki kurusha tu, bila kuruka. Wiki yenye mechi upande mmoja, upande wa pili unamwachia. Jumapili ni kanisa na kulala. Kocha wa mpira aliondoa pia mazoezi ya kudaka akiwa amepiga magoti, ambayo ndiyo yaliyomuumiza kuliko yote.

Kiangazi kina shida yake: udongo mwekundu unakauka na kumchuna kipa nyonga na viwiko. Anavaa suruali ndefu chini ya kaptura, na soksi kuukuu nilizokata ncha anazivuta hadi kwenye viwiko. Chakula sikukibadilisha, bukari, yaani ugali, na maharagwe, na yai likipatikana. Viatu ndivyo vilivyonimaliza: jozi mbili, na mguu hauachi kukua.

Goti bado linalalamika baada ya mechi ngumu, lakini anashuka ngazi bila kushika ukuta. Juzi amekuja kuniambia kuna mwalimu anayekusanya wasichana wa mpira wa mikono. Nimemwonyesha karatasi na kumwambia atafute mwenyewe saa za kuondoa.