Daftari la uvumilivu: kumbukumbu ya Kwaresima, Bagamoyo

Nimechagua fadhila moja tu, uvumilivu. Padre alinishauri nisiyabebe matunda yote tisa ya Roho, ya Wagalatia 5:22-23, kwa mkupuo, nami namwelewa. Karai moja halikaangi samaki wa soko zima.

Mbinu ni ya Mtakatifu Inyasi wa Loyola, ya karne ya 16. Unachora jozi saba za mistari, moja kwa kila siku ya juma, kila jozi fupi kuliko iliyotangulia, kwa kuwa makosa yanatarajiwa kupungua. Mstari wa juu ni wa asubuhi mpaka mchana, wa chini mpaka usiku. Ukiteleza, nukta. Tena palepale unapoteleza unaweka mkono kifuani, kimya, huku ukiendelea na shughuli zako. Hili la mkono limenitesa, maana mikono yangu ina magamba na mafuta kutwa nzima. Aproni yangu sasa ina doa upande wa kushoto lisilotoka hata kwa jiki.

Wiki ya kwanza

Mstari wa juu umejaa. Mnada wa samaki ukiisha wanakuja mezani kwangu wanunuzi wa nyumbani. Mmoja alimfunua changu mashavu, akambonyeza jicho, akamnusa, akampindua, akauliza bei, kisha akasema wa meza ya pili ni wakubwa. Jibu nililompa siliandiki hapa.

Wiki ya pili

Nilidhani ni njaa. Nikaanza kunywa chai na vitumbua kabla ya mnada, nukta zikapungua kidogo. Lakini dada wa meza ya pili yuko kwenye saumu (mwaka huu wa 2026 Kwaresima na Ramadhani zimeanza wiki moja), hajatia hata tone la maji kinywani, na anawahudumia walewale wabonyeza macho bila kukunja uso. Nikamuuliza siri yake.

“Shoga, mie nimeshanuia tangu daku. Wakija, nimeshawasamehe.”

Nikalirudia daftari. Kumbe Inyasi naye ana nyakati tatu: mchana na usiku za kujichunguza, na kabla yake ile ya kuamka, ya kuazimia. Hiyo ya alfajiri ndiyo niliyokuwa naipita nikiwahi mnada. Sasa naifanya nikiwa juu ya bodaboda, kwa Zaburi 141:3: “Ee Bwana, uweke mlinzi kinywani pangu.” Halafu namwaza mteja mmoja mmoja kwa sura yake, mpaka tufike sokoni.

Wiki ya nne

Mstari wa juu una siku tupu kabisa. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba imani, matumaini na mapendo humiminwa na Mungu, bali fadhila za kibinadamu hukua pia kwa kurudia tendo jema. Kwa hiyo sioni aibu kuhesabu nukta, ingawa wapo parokiani wanaoona huu ni uhasibu.

Mstari wa chini haujapungua. Nimeanza kuandika ubavuni mwa kila nukta ya jioni chanzo chake: deni, deni, hesabu za mtoto, deni. Wanaokopa wananimaliza kuliko wanaobonyeza. Kesho alfajiri nitanuia habari ya madeni peke yake, na daftari la wadaiwa nitalifungua baada ya kula, si kabla.