Viganja vya mama

Kila anayekuja kumtazama mama humkagua kichwani kwanza. Akiona nywele zipo, hushusha pumzi: "Alhamdulillahi, kemo haijamkamata sana." Sina nguvu ya kumweleza kila mgeni kwamba dawa ya mama, capecitabine, ni ya vidonge na kwa kawaida haimalizi nywele. Yenyewe huandama viganja na nyayo. Laiti mmoja wao angemwomba mama afungue kiganja.

Mama ana saratani ya utumbo mpana. Alipasuliwa, kidonda kikapona, akaanzishiwa vidonge: asubuhi na jioni baada ya kula, wiki mbili mfululizo, wiki ya tatu anapumzika, kisha mzunguko unaanza upya. Kwa kuwa hakuna dripu wala kulazwa, nyumbani watu waliiona ni dawa nyepesi. Si nyepesi hata kidogo. Ikiingia mwilini hugeuka fluorouracil, dawa ileile ambayo wagonjwa wengine hutundikiwa kwenye dripu. Na dawa inayosaka seli zinazozaliana haraka hupiga uvimbe na hupiga ngozi pia.

Maelezo mengi yaliyoandikwa juu ya hali hii ya dawa kuharibu viganja na nyayo yanasema viganja huwa vyekundu. Mama ni mweusi, na viganja vyake havikuwa vyekundu hata siku moja. Kwanza mistari ya kiganjani ilikolea kama imepitiwa kwa wino. Kisha weusi ukatambaa hadi ncha za vidole, ngozi ikakakamaa na kung'aa, ikaanza kuchanika pembeni mwa kidole gumba. Nyayoni vivyo hivyo, zaidi pale kisigino kinapokanyaga. Mtu anayesubiri wekundu kwenye ngozi ya Mswahili atasubiri mpaka mgonjwa ashindwe kutembea, na inaniuma kwamba maelezo wanayopewa watu wetu yanaelezea ngozi ya watu wengine.

Mama alificha. Yeye ni msusi wa mikeka. Tangu nimepata akili sijamwona amekaa barazani bila ukili mkononi. Kusuka ni kubana miyaa kwa kidole gumba na cha shahada, kukaza, kuvuta, na msuguano wa namna hiyo ndio unaoichochea hali hii, sawa na maji ya moto na viatu vya kubana. Alihamisha miyaa kwenye vidole vingine, akapunguza mwendo, akasema amechoka tu. Alipobanwa na nesi kliniki ndipo akasema la moyoni: "Nikisema mikono inauma, mtaninyima dawa, na ugonjwa utarudi."

Nesi yule Mungu ambariki. Alivuta kiti akakaa karibu. "Mama, tukijua mapema, tunaipumzisha dawa siku chache ngozi itulie, kisha tunapunguza dozi unaendelea. Ukinyamaza mpaka malengelenge yapasuke, hapo ndipo tutakaa muda mrefu bila kukupa kitu." Akamvua ndala, akabonyeza nyayo kwa kidole, akaandika kwenye faili. Tangu siku hiyo mama hufungua viganja mbele ya daktari kabla hajaulizwa.

Jambo ambalo hakuna aliyetutayarisha nalo ni alama za vidole. Simu ya mama ilipotea, tukaenda kurudisha laini. Siku hizi laini haitoki bila namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, na kidole kwenye mashine. Mama akaweka kidole, mashine ikakataa. Akafuta kwa pembe ya kanga, ikakataa. Wakala akamwambia akanawe. Akanawa, ikakataa vidole vyote kumi, na foleni nyuma yetu ikaanza kunung'unika. Kijana akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Bibi, una uhakika kitambulisho ni chako?" Mama yangu, ambaye mtaa mzima unalalia mikeka yake, akaulizwa kama yeye ndiye yeye. Akaviangalia vidole vyake, akavikunjia ndani ya kanga. Sikuwa na la kumjibu kijana wakati ule. Fedha zake za mikeka zilikuwa humo humo kwenye laini.

Usiku nilisoma mpaka nikapata. Mwaka 2009 jarida moja la kitabibu lilichapisha barua ya madaktari wa Singapore kuhusu mgonjwa wao wa miaka 62, mtumiaji wa capecitabine. Desemba 2008 alisafiri kwenda Marekani, akazuiwa uwanja wa ndege kwa saa nne kwa sababu mashine haikuona alama zozote za vidole. Madaktari wakashauri wagonjwa wa dawa hii wanaosafiri wabebe barua ya hospitali. Hapa kwetu barua hiyo inahitajika bila hata kupanda ndege: kwenye laini, benki, popote penye kidole. Daktari alituandikia mara moja nilipoomba. Ningependa iwe inatolewa siku ileile mtu anapokabidhiwa vidonge.

Uso wa mama nao umeiva weusi, na hapo maneno ya mtaani hayana huruma. Yupo aliyeuliza kama alikuwa anapaka mkorogo umemgeuka. Shangazi, kwa mapenzi tu, alileta hina na piko ili afiche kucha kwenye harusi. Hina ikabaki kwenye sahani. Piko ina kemikali inayoweza kuunguza hata ngozi nzima isiyo na tatizo, itakuwaje hii iliyochanika?

Kliniki kwenye benchi nimejifunza kuangalia mikono ya watu. Wanaopata dripu nyekundu, doxorubicin, wengi kucha zao zina mistari myeusi. Wa docetaxel, dawa nyingine ya dripu, kucha huachia nyama, na hata kufunga kifungo cha shati ni mateso. Kuna kaka ambaye mshipa wa mkono unaonekana kwa nje kama njia nyeusi, kwa ajili ya dawa iliyopita ndani yake. Hayo mengi hufifia baada ya tiba. Lisilotakiwa kuvumiliwa ni dripu kuwasha au kuchoma pale sindano ilipoingia: ile nyekundu ikivuja nje ya mshipa inaweza kuua nyama, na mgonjwa anatakiwa aite nesi papo hapo. Nimewaona watu wazima wakikaa kimya hapo kwa heshima, wasije wakaonekana wasumbufu.

Nyumbani tumepanga upya. Vyombo na nguo sio kazi ya mama tena. Anaoga maji ya vuguvugu, anavaa ndala laini, anapaka krimu ya urea ya asilimia 10 iliyoandikwa na daktari, na usiku mafuta ya mgando na soksi za pamba. Nilimuuliza daktari pia kuhusu utafiti wa hospitali kubwa ya New Delhi uliochapishwa mwaka 2024: wagonjwa 264 wa capecitabine, nusu wakipaka jeli ya diclofenac, hii ya kuchulia misuli, wengine jeli isiyo na dawa. Waliopata hali hii kwa kiwango cha kati au kikali walikuwa asilimia 3.8 upande wa diclofenac, na 15 upande wa pili. Ni jeli ya bei ndogo, ipo kwenye maduka mengi ya dawa. Daktari alisema ule ulikuwa wa kuzuia tangu mwanzo, na ngozi iliyochanika haipakwi, kwanza ifunge.

Sasa dozi imepunguzwa na mpasuko wa kidole gumba unafunga. Ukili amempa mjukuu wake, yeye anakaa pembeni akielekeza, na akiona umelegea anaamuru ufumuliwe. Laini tumeisajili kwa jina langu kwa sasa. Watafiti wa Uholanzi waliowafuatilia watumiaji wa dawa hii waliona alama za vidole zinarudi dawa ikishaachwa, kwa hiyo mizunguko ikiisha tutarudi kwa wakala yule yule, na safari hii barua itakuwa kwenye pochi ya mama.