Sisafiri Ili Nisahau

Eda imekwisha. Ile miezi minne na siku kumi ambayo dini yetu humwekea mjane nimeikaa hapa hapa South C, Nairobi, na siku ya kutoka walikuja kina mama wa mtaa, wakanifukiza udi, wakanivisha nguo mpya, tukasoma dua na kula pamoja. Kisha likaanza lile neno ninalolisikia tangu siku ya mazishi: "Sasa enda safari, dadangu. Ubadilishe hewa, usahau kidogo."

Wananipenda, nalijua hilo. Lakini kama kuna kitu kisichoweza kunisahaulisha mume wangu, ni safari.

Alikuwa muuza spea Kirinyaga Road. Wenzake walinunua ploti Kitengela, yeye akanunua tikiti. Mwenyezi Mungu hakutujalia watoto, basi kila akiba ilipotimia tulifunga mkoba tukaondoka wawili sisi. Ndugu zake walimlaumu sana kwa hilo. Mimi leo namshukuru kuliko nilivyowahi kumshukuru akiwa hai.

Aliipenda reli. Nasema gari moshi la zamani, lile la kuondoka jioni, kabla reli mpya ya SGR haijaja mwaka 2017. Tulikuwa tukichukua chumba cha vitanda viwili, mimi juu na yeye chini kwa ajili ya goti lake. Gari likitikisika tu, kabla hata hatujatoka stesheni, ameshainua mikono: "Subhanalladhi sakhkhara lana hadha..." Mimi kazi yangu kuitikia amina. Halafu anavua viatu, anakunja soksi na kuzitia ndani ya kiatu cha kulia, kila mara cha kulia, anatoa kisu kidogo na machungwa. Alimenya chungwa pole pole ganda lisikatike, likashuka mpaka magotini mwake kama utepe, akalitundika kwenye ndoano ya dirishani. Likabembea hapo usiku kucha. Mpaka Mombasa nguo zetu zilinukia chungwa, na kipande cha kwanza siku zote kilikuwa cha jirani wa chumba cha pili, amjue asimjue.

Tukipita Kima lazima aniamshe. Hapo ndipo mwaka 1900 simba aliingia ndani ya behewa akamtoa dirishani afisa wa polisi Charles Ryall, aliyekuwa akimvizia simba huyo huyo na usingizi ukampitia. Behewa lenyewe lipo hadi leo Makumbusho ya Reli, hapa Nairobi, na alinipeleka nikalishike kwa mkono wangu. "Amka bibie, tuko Kima." Namwambia kisa hicho nimekisikia. "Umekisikia, lakini cha leo hujakisikia." Na kweli, kila mara alikuwa na jipya la kuongeza, nami nililala tena nikiwa nimeshika bapa la mkono wake alioninyoshea juu kutoka kitanda cha chini.

Lamu ndiko alikotamani kuzeekea. Tulikuwa tukienda kwa Maulidi, katika Mfungo Sita, tunavuka kwa boti kutoka Mokowe, na siku zile vichochoro vyote vinakwenda Msikiti wa Riyadha. Mji ule wa kale uliwekwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2001, na yeye alifurahi kama aliyetuzwa mwenyewe. Alinifundisha kupisha punda bila kukatiza mazungumzo.

Figo ndizo zilizomwondoa. Ya hospitalini sitayaandika. Wanaume walimsalia Msikiti wa Jamia, wakampeleka makaburi ya Kariokor, nami nikabaki ndani.

Wako wanaoona eda ni kifungo. Kwangu imekuwa rehema. Sikutakiwa popote, sikuulizwa lini nitarudi kuwa mimi. Nilikaa kwenye kiti karibu na jiko nikazirudia safari zetu moja moja, kituo kwa kituo, Sultan Hamud, Emali, Makindu, mpaka nikahakikisha hakuna iliyopotea. Huzuni inataka muda, na mji huu wetu hauna muda wa kumpa mtu.

Basi safari nimeenda. Wiki iliyopita nilipanda SGR pale Syokimau, ile ya asubuhi inayosimama vituo vya njiani. Dua niliisoma mwenyewe, kwa sauti, na amina nikaitikia mwenyewe. Mpaka Kibwezi nilikuwa sawa. Tulipoipita Mtito Andei, ndovu hao, wekundu kwa udongo wa Tsavo, mama na mtoto wake, karibu kabisa na reli. Nikageuka nikasema, "Umewaona?"

Kando yangu alikuwa kijana mwenye visikizio masikioni. Akavitoa, akainama dirishani, akasema, "Eeh mama, nimewaona." Hapo machozi yakanishinda. Mtoto wa watu hakuuliza kitu. Alinifungulia chupa yake ya maji akanipa, na ndovu wengine walipotokea akawa yeye wa kuniambia. Mungu amlipe.

Hicho ndicho ninachokikosa zaidi, kuliko hata sauti yake mlangoni magharibi: mtu wa kumwambia "umewaona". Miaka yote ile nilidhani naona kwa macho yangu.

Mombasa nilifikia kwa wifi yangu, Kibokoni. Alipika mahamri na mbaazi za nazi, tukaketi barazani akanisimulia utoto wa kaka yake mpaka adhuhuri ikaadhiniwa, mambo ambayo marehemu hakuwahi kuniambia. Kumbe bado kuna habari zake mpya. Nimekula nikashiba, mara ya kwanza tangu afariki.

Tumekubaliana twende Lamu, Maulidi ijayo. Wifi anaogopa boti la Mokowe, anasema moyo wake hauwezi bahari. Nimemwambia nitamshika mkono mpaka ng'ambo. Asipoweza, nitavuka peke yangu.