Kaa na Pigo Linalomrudia

Pambano la pili lilikuwa halijafika hata dakika moja pale Kaa, roboti yangu ya mapambano, aliposimama katikati ya uwanja bila kuguswa na mtu. Mpinzani wake, roboti fupi yenye umbo la kabari iliyoundwa na kijana mmoja wa Lindi, alikuwa amerushwa pembeni na kulala chali, magurudumu yakizunguka hewani, na watu wa upande wetu walikwisha kuanza kushangilia. Mimi nilikuwa nasukuma vijiti vya rimoti mbele na nyuma bila kupata jibu. Mwamuzi alianza kuwahesabia wote wawili, yule wa Lindi akafanikiwa kujipindua kwenye hesabu ya saba, na hivyo nikashindwa pambano ambalo pigo pekee la maana lililoonekana lilikuwa langu.

Nilipofungua mfuniko usiku ule nyumbani Chikongola, mjini Mtwara, nilikuta waya mwekundu wa betri umekatika pale pale ulipolehemiwa, na beringi moja ya shafti ya silaha imepasuka gamba la nje. Hakuna alama yoyote ya mpinzani iliyofika ndani. Kaa alikuwa amejiua mwenyewe, na nikikumbuka vizuri, hiyo haikuwa mara ya kwanza.

Kwa wasiomjua, Kaa ni roboti ya mapambano ya uzani wa kilo 1.36, yaani pauni 3 za Kimarekani. Roboti kubwa mnazoziona kwenye televisheni za Marekani zina pauni 250, karibu kilo 113, na mchezo wenyewe ulipata umbo lake San Francisco mwaka 1994, Marc Thorpe alipoandaa mashindano ya kwanza ya Robot Wars. Sisi mafundi wachache wa Mtwara na Lindi hatuna fedha wala ukumbi wa kufungia kilo 113 za chuma zenye hasira, kwa hiyo tulikubaliana na uzani huu mdogo, ambao sehemu zake nyingi zinaweza kuagizwa na kuletwa na basi kutoka Dar es Salaam ndani ya bahasha. Jina alipewa na mpwa wangu aliye kidato cha pili. Mota mbili za magurudumu nilizonunua mwanzo hazikulingana nguvu, na roboti ikawa haiwezi kwenda mbele bila kuvuta upande wa kushoto. Mtoto aliitazama ikipita sebuleni akasema, "Mjomba, umetengeneza kaa." Mota nilibadilisha, lakini jina likabaki.

Silaha yake ni bapa la chuma lenye urefu wa milimita 180 na uzito wa gramu 250, linalozunguka wima mbele ya mwili kutoka chini kwenda juu. Niliichagua silaha ya wima kwa sababu inapompiga mpinzani kumpeleka juu, wewe unasukumwa chini, na sakafu inakushikilia, tofauti na bapa la mlalo ambalo hukurusha ukutani kila linapogusa kitu. Ubaya wake ni kwamba roboti ikigeuka haraka huku bapa liko kasi, gurudumu moja huinuka kama mbwa anayekojoa, na usipopunguza mwendo utajipindua bila msaada wa mtu. Bapa linazungushwa kwa mkanda na mota isiyo na brashi, ya aina inayotumika kwenye ndege ndogo zisizo na rubani, yenye mizunguko 1,000 kwa dakika kwa kila volti. Nilianza na betri ya seli tatu, yaani volti 11.1, na kwa kuwa puli ya shafti ni kubwa mara 1.8 kuliko ile ya mota, bapa lilizunguka kwa hesabu ya karatasi takriban mara 6,200 kwa dakika.

Baada ya msimu wa kwanza ambao sikushinda pambano lolote, nilifanya kile ambacho nadhani kila mtu hukifanya: niliongeza nguvu ya silaha. Nilinunua betri ya seli nne, volti 14.8, na bapa likapanda hadi mizunguko kama 8,200. Inaonekana kama nyongeza ya theluthi moja tu, lakini nguvu iliyohifadhiwa ndani ya kitu kinachozunguka huongezeka kwa mraba wa kasi, kwa hiyo bapa ambalo lilikuwa na jouli 140 lilifikia jouli 250. Ukitaka kuiona jouli 250 kwa macho ya pwani, chukua nazi ya kilo moja na nusu pamoja na makumbi yake, iangushe kutoka mnazi wa mita 17, kisha fikiria nguvu hiyo yote ikikusanywa kwenye ncha ya chuma isiyozidi upana wa kidole. Nilifurahi sana na hesabu hiyo. Jambo ambalo sikulipa uzito ni kwamba nazi hiyo humwangukia mpinzani na mimi pia, kwa kipimo kile kile, maana kani anayoipata yeye ndiyo ninayorudishiwa mimi kupitia shafti, beringi, fremu na kila nukta ya lehemu.

Kilichoanza kulalamika ni bapa lenyewe. Nililikata kwa grenda kutoka springi kuukuu ya lori, chuma ambacho wahunzi wetu hutengenezea mapanga na mashoka, na nilifahamu kwamba joto la kukata lilikuwa limeharibu ugumu wake. Nililipasha kwenye mkaa huku nikijaribu kwa sumaku ya spika, kwa sababu chuma kikifika kwenye nyuzi 770 hivi hupoteza uwezo wa kushika sumaku, nikaendelea kuvuvia hadi likawa jekundu la kung'aa karibu na njano, kisha nikalitumbukiza ndani ya mafuta machafu ya injini. Tupa iliteleza juu yake kama inapita kwenye kioo, nami nikaridhika. Jaribio la kwanza nililifanya ndani ya pipa, namshukuru Mungu, kwa sababu bapa lilipogusa kipande cha ubao lilikatika vipande viwili, na kimoja kikatoboa ukingo wa pipa na bati la banda.

Nilivichukua vipande hadi Mikindani kwa mzee mmoja mhunzi ambaye tangu nikiwa mdogo namfahamu kwa majembe yake. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, hakuuliza ni kitu gani. Aligeuza mahali palipokatika kuelekea jua na kuniita nisogee. "Tazama, mjomba. Unaona punje hizi?" Ndani ya chuma palikuwa na chembe zinazometameta, kubwa kama sukari ya mezani. Akaniambia kwamba chuma kilichopikwa sawa hukatika kikiwa na rangi ya kijivu laini kama majivu yaliyochekechwa, na kwamba mimi nimekipika kupita kiasi na kisha nikakinywesha mafuta bila kukipumzisha. "Hiki sasa ni chupa. Chupa nayo ni ngumu, lakini nani anapigana na chupa?"

Kukipumzisha, kwa alivyonielekeza, ni kazi ya uvumilivu zaidi ya nguvu. Bapa jipya nililipasha hadi sumaku ilipokataa, nikaliongeza kidogo tu na kulitia kwenye mafuta. Halafu nililisugua kwa msasa hadi likawa jeupe, nikalilaza juu ya mchanga ndani ya kikaango kilichokuwa kwenye jiko la mkaa, nikakaa kulitazama. Baada ya muda ilitokea rangi ya manjano hafifu kama majani makavu, ikaja hudhurungi, ikafuata zambarau inayotembea polepole kutoka katikati kuelekea kwenye ncha, na mwisho samawati, kwenye nyuzi karibu 300. Samawati ilipotanda pote nililitoa. Tupa sasa iling'ata kidogo, kwa shida. Bapa hilo halijakatika hadi leo, na lina makovu ambayo ningeweza kuyasimulia moja moja, ila nitawahurumia.

Kwa hiyo nilikwenda kwenye lile pambano la pili nikiwa na bapa imara lenye jouli 250, ndani ya mwili ambao haukuandaliwa kulipokea pigo lake mwenyewe. Fremu ilikuwa ya mabaki ya alumini kutoka kwa fundi wa madirisha, nyepesi, iliyonyooka, inayopendeza macho. Kwenye dirisha haina tatizo. Kwenye roboti, alumini ile nyembamba ikipindishwa kidogo hubaki imepinda, na isipopinda husafirisha mshtuko wote hadi kwenye kitu dhaifu kilicho karibu. Kitu hicho kilikuwa lehemu yangu. Waya wa nyuzi nyingi ukilehemiwa, risasi hupanda ndani ya nyuzi na kuufanya mgumu kama msumari kwa kipande kifupi, na pale ugumu unapoishia ndipo waya hukatika ukitikiswa. Waya wangu nilikuwa nimeuvuta ukakaza ili mpangilio uonekane nadhifu kwenye picha. Unadhifu huo ndio uliosimamisha roboti.

Fremu mpya nimeikata kutoka kwenye ubao wa plastiki wa kukatia mboga, unene wa milimita 12, niliouchagua sokoni huku muuzaji akishangaa mteja anayepima unene badala ya kuuliza rangi. Ni polithini, nyepesi kuliko maji, laini kiasi cha kukatwa kwa msumeno wa mbao, na sifa yake kubwa ni kwamba ikipigwa hunepa na kurudi. Beringi zimekaa ndani ya vishimo vya plastiki hiyo badala ya chuma, kwa hiyo kabla pigo halijazifikia linakuwa limekwisha kupungua makali. Kila waya umeachiwa mkunjo wa ziada, na mzizi wa kila lehemu umefunikwa kwa silikoni ili upinde bila kuvunjika. Nati zote ni zile zenye plastiki ndani, maana za kawaida hufunguka zenyewe kwa mtikisiko. Betri imevikwa soli ya kandambili, na magurudumu pia ni soli ya kandambili iliyokatwa duara la milimita 50. Yanashika sakafu vizuri kuliko yale ya kununua, na yakiliwa nabadilisha kwa jozi ya pili ya kandambili. Kuhusu betri hizi za lithiamu niseme moja tu: ikitobolewa huwaka, na ndoo ya mchanga ikae karibu na meza ya kuchajia na karibu na uwanja, kwa kuwa moto ule haungoji mtu aende kuitafuta.

Badiliko lililowakera wenzangu ni la mwisho. Nimerudi kwenye betri ya seli tatu. Niliporudia video za mapambano polepole niligundua kwamba mara nyingi bapa halikuwa linampiga mpinzani bali linamparura, na cheche nzuri tulizoshangilia zilikuwa ni ushahidi wa kukosa. Sababu yake inahesabika. Kaa huenda mbele kwa mita mbili hivi kwa sekunde. Bapa la meno mawili, yaani ncha mbili za kupigia, kwenye mizunguko 8,200 hupitisha jino mara 273 kwa sekunde, kwa hiyo kati ya jino na jino mwili unasogea milimita 7 tu, na hicho ndicho kina cha juu kabisa ambacho jino linaweza kumng'ata mtu. Nikilipunguza hadi mizunguko 6,200 na kuliondolea jino moja, kina hicho kinakaribia milimita 19. Nguvu inashuka hadi jouli 140, nazi ya mnazi usiofika hata mita 10, lakini nazi inayotua utosini ina faida kuliko inayopita sikioni.

Kuondoa jino moja kuna taabu yake, kwa kuwa bapa lisilo na mizani litatikisa roboti nzima hadi irukeruke. Upande usio na jino nimeufanya mfupi na mpana zaidi, kisha nikapitisha shafti na kuiegemeza juu ya makali ya visu viwili vilivyosimamishwa sawasawa. Upande mzito huzunguka kwenda chini. Nikapunguza kwa tupa, nikajaribu, nikapunguza tena, jioni mbili nzima, hadi bapa likawa linabaki popote ninapoliacha.

Jumamosi tunakwenda Lindi, na yule kijana wa kabari ameniandikia kuuliza kama Kaa ana uwezo wa kukaa macho safari hii. Jibu langu kwake ni kwamba wiki hii nimemgongesha Kaa kwenye kipande cha reli mara 30, na mota zote zimeendelea kuitika. Kabla ya pambano atakaguliwa kama wengine, pini ya kufungia bapa ikiwa mahali pake, na rimoti itazimwa mbele ya mwamuzi ili ionekane kwamba silaha inasimama yenyewe.

Tatizo lililobaki ni mizani. Ubao wa mboga umekula karibu uzito wote niliouokoa kwenye betri, na jana usiku mizani ya jikoni ilisoma gramu 1,371. Gramu 11 lazima zitoke. Kwenye bapa sitoi, kwenye plastiki inayoshikilia beringi sitoi, na bolti nimekwisha kuzikata urefu. Mpwa wangu ameshaelewa ninatazama wapi, kwa sababu asubuhi nilimkuta barazani na kipande cha msasa, anamsugua Kaa rangi nyekundu aliyompaka mwenyewe, akianzia kwenye macho.