Kula na watu ukiwa na bendi tumboni

Nikialikwa shughuli sa hivi, iwe arusi au arobaini au watu tu wamekutana Jumapili kwa mtu, kitu cha kwanza naangalia ni nakaa na nani. Napenda kukaa na watoto au na mtu mzima anayekula taratibu, maana mlo wangu unachukua nusu saa nzima na wote unaenea kwenye kisahani cha chai, na nikikaa na wenye haraka sinia linaisha mi bado natafuna tonge la pili, alafu watu wanaanza kunisukumia minofu, kula bwana, kula, mbona huli. Kuhusu operesheni yenyewe, ya kuvalishwa mpira tumboni ili ushibe haraka upungue uzito, hospitali wanakupa makaratasi ya kutosha. Ila hakuna karatasi inayokwambia utafanyaje na ugali, utafanyaje na futari, utamjibu nini mama mkwe. Na kwangu hayo ndo yamekuwa magumu kuliko kisu, kwa hiyo nayaandika hapa kwa ajili ya dada zangu mnaoniuliza.

Mi ni mtu wa Tanga, naishi Uingereza, Coventry, nafanya kazi ya kea, kazi ya kusimama na kuinua wazee. Nilifika kilo 128. Sukari nilikuwa nayo, presha nilikuwa nayo, magoti yalishakataa ngazi, na kilichoniumiza zaidi ya vyote nilikuwa naswali nimekaa kwenye kiti na umri wangu haujafika hamsini. Hapa ili NHS, yani huduma ya afya ya serikali, wakufikirie kwa operesheni kawaida wanataka BMI, kile kipimo cha uzito kwa urefu wako, iwe 40, au 35 kama una ugonjwa kama sukari, na sisi wenye asili ya Afrika wanatupunguzia namba hizo kwa 2.5 kwa sababu miili yetu inapata sukari na presha mapema kabla uzito haujafika huko. GP wangu, yule daktari wa kawaida wa mtaani, ndo alinifungulia njia, alafu ukaanza mlolongo wa mikutano, mtu wa lishe, mtu wa saikolojia, madarasa, vipimo, yani wanataka wajue unaelewa unachoingia. Mi nashukuru ule mlolongo japo wakati ule nilikuwa nalalamika sana.

Sasa bendi ni nini. Ni mpira laini wa silikoni, wanakuvalisha sehemu ya juu ya tumbo kwa matundu madogo madogo, hawakati tumbo wala hawaondoi kitu. Tumbo linapata umbo la kibuyu, kijifuko kidogo juu, kiuno, alafu tumbo lako lenyewe lote lipo chini kama lilivyokuwa. Kile kijifuko ni kidogo sana, mililita 15 hadi 30 hivi, kikijaa unahisi umeshiba, na chakula kinashuka polepole kupita kwenye kiuno. Ndani ya mpira kuna nafasi ya kuweka maji ya chumvi yale ya dripu, kuna mrija unatoka mpaka kwenye kidude kimoja kimeshonewa chini ya ngozi, wanakiita poti. Wakitaka kukaza wanachoma sindano pale kwenye poti wanaongeza maji kidogo, wakitaka kulegeza wanayavuta. Sindano si ya kawaida, ni maalumu kwa poti, hilo mlishike maana nitalirudia.

Wiki mbili kabla ya operesheni nilikula kidogo sana, mtindi, supu, mboga, hakuna wanga wa maana, kwa sababu ini la mtu mnene linakuwa kubwa na lina mafuta na limelalia tumbo, sasa lisiponywea daktari hapati njia ya kupita. Baada ya operesheni ni vimiminika tu wiki kadhaa, alafu vilivyosagwa, alafu vilaini. Hapo ndo niliishukuru blenda na nikawashukuru Wachaga kwa mtori, maana supu za pakiti za hapa sikuziweza. Ndizi, nyama imechemka mpaka imekuwa uzi, unasaga yote inakuwa nyororo, unakunywa kwa kijiko. Na uji wa ulezi, mwembamba, bila sukari, na maziwa.

Watu wanadhani ukitoka tu theatre umeshafungwa, hapana. Bendi mwanzoni ni tupu au karibu tupu, mpaka pale tumbo lipone, kwangu walianza kujaza baada ya wiki sita. Na kile kipindi cha kungoja njaa inarudi yote, unaona mbona sijabadilika, moyo unavunjika. Nawaambia ni kawaida, vumilia. Ukijaziwa wanakunywesha maji palepale waone yanapita, unarudi siku mbili kwenye vimiminika, alafu unaanza kujisikiliza. Mara ya kwanza sikuhisi kitu. Waliendelea kuongeza kidogo kidogo kila baada ya wiki kadhaa mpaka siku moja nikala yai moja na kipande cha samaki nikajikuta nimeweka kijiko chini mwenyewe, bila mtu kuniambia, bila kujikaza. Sijawahi kuwa hivyo maishani mwangu. Nilikaa pale mezani nikalia.

Lakini bendi ina vyakula inavyovikataa na karibu vyote ni vya kwetu. Chapati, mandazi, mkate laini, vile vinavyorudi kuwa donge ukitafuna, vinanasa. Wali wa nazi ule wa kushikana unanasa, wali mkavu wa punjepunje kidogo una nafuu. Ugali mgumu haupiti, ugali mlaini na mchuzi mwingi unapita ukimega kama ukucha wa kidole gumba na ukatafuna mpaka hakuna kilichobaki cha kutafuna. Nyama choma na kidari cha kuku, kavu vile, sijaribu tena. Matembele yana nyuzi, chungwa lina yale maganda ya ndani, embe la nyuzi hivyohivyo. Kinachopita vizuri ni samaki, hasa wa mchuzi, mayai, choroko za nazi zilizoiva hasa, maharage yaliyopondwa, na bokoboko, jamani bokoboko ni kama walilitunga kwa ajili yetu, ngano na nyama vimepondwa pamoja, protini ipo, laini, na ni chakula cha heshima kwenye shughuli kwa hiyo hakuna anayekushangaa.

Kunasa nako nikueleze kwa wale ambao hamjapata. Unameza, unahisi kitu kimekaa hapa katikati ya kifua, hakiendi mbele. Maumivu yanabana mpaka mgongoni. Alafu mate yanaanza kujaa mdomoni, mazito, yana povu, na usidhani ukinywa maji yatasukuma, maji yanakaa juu yake tu na ndo yanaongeza maumivu. Unasimama, unatembea, unangoja kishuke au kirudi. Ndo maana nikila siongei sana siku hizi, na sinywi kitu na chakula, nangoja nusu saa baada ya kula ndo nakunywa, maana ukinywa katikati maji yanaosha chakula kinashuka haraka njaa inarudi sasa hivi. Kama kunanasa kila siku, au unaamka usiku unakohoa na kiungulia kinapanda kooni, usijivunie kwamba bendi inafanya kazi, hiyo imekazwa kupita kiasi au imeteleza, nenda wakaangalie. Bendi inaweza kuteleza, inaweza hata kula ukuta wa tumbo ikaingia ndani, watu wengine wanaishia kutolewa, na siku hizi madaktari wengi wanapendelea zile operesheni za kukata tumbo au kubadilisha njia ya chakula. Mi nilichagua bendi kwa sababu inaweza kutolewa na hakuna kinachokatwa, na sijutii, ila ujue yote kabla.

Na kuna jambo ambalo linawapata wengi wenye bendi. Samaki lazima utafune dakika nzima lakini aiskrimu inateleza tu. Juisi ya embe inateleza. Kalimati na shira zake, chokoleti, chai ya maziwa na sukari vijiko vitatu, vyote vinapita bila bendi kuvigusa. Bendi inajua ugumu wa chakula, haijui sukari. Kwa hiyo mtu anakula kidogo sana cha maana alafu anakunywa nguvu za siku nzima kwenye glasi, na uzito unasimama. Mtu wangu wa lishe anataka protini gramu 60 na zaidi kwa siku na anataka ndo ianze kwenye sahani, kabla ya wanga, kila mara. Na ile hamu ya jioni ukitoka zamu umechoka, hiyo haiko tumboni kabisa, hiyo iko kichwani, na mpira haufiki huko. Mi imenisaidia kuongea na yule wa saikolojia na kumpigia dada yangu simu natembea kurudi nyumbani badala ya kupanda basi.

Sasa watu. Kwetu mtu akinenepa anaambiwa amenawiri, ndoa imemkubali. Akikonda wanashuka sauti. Mama alipoona picha yangu alinipigia usiku, hata shikamoo yangu hakuipokea, mwanangu unaumwa nini, niambie mimi mamako. Na mtaani walishaanza kunipa ugonjwa wao. Nikamweleza yote taratibu. Akasema hayo mambo ya wazungu ya kujifunga matumbo. Nikamwambia mama, daktari aliyekuwa wa kwanza duniani kumwekea mtu bendi hii kwa matundu madogo, mwaka 1993 huko Ubelgiji, ni mzaliwa wa Ethiopia, anaitwa Mitiku Belachew. Akanyamaza. Akaniuliza, Mhabeshi? Nikamwambia ndio. Tangu siku ile yeye ndo anawaeleza majirani, na jina la yule daktari analitamka vizuri kuliko mimi.

Mama mkwe alikuwa mtihani zaidi. Alikuja kutusalimia akakaa, na yeye mapenzi yake yako kwenye sufuria. Siku ya kwanza amepika pilau, nimechukua vijiko vitatu, akaniuliza kwa upole kabisa, mwanangu, mkono wangu huupendi? Iliniuma. Nikamwambia mume wangu akae, tukamweleza mama pamoja, nikamshikisha kidole chake hapa kwenye poti ajionee. Aliogopa kidogo alafu akaanza kuuliza maswali mazuri kuliko ya watu wengi waliosoma, anauliza kwa hiyo nikichemsha nyama sana itapita? Ikiwa na mchuzi je? Kesho yake amenipikia mtori bila kuambiwa. Nawashauri, wale mnaokula nao kila siku waambieni. Wa mbali si lazima, huyo ukimwambia tumbo langu halipendi vyakula vizito inatosha.

Sa hivi nina kilo 91. Imechukua muda, bendi haiendi kasi, nusu kilo kwa wiki ni vizuri na kuna wiki hakuna kitu. Dawa za sukari daktari amenipunguzia, presha imetulia. Nywele zilinitoka miezi ya mwanzo zikarudi. Ngozi imelegea mikononi na tumboni na hiyo haitarudi yenyewe, nimenunua madera mapya na ninayapenda. Nasikia baridi ambayo sikuwahi kuisikia. Na nasujudu. Paji la uso linafika chini kwenye mkeka na nasimama bila kushika ukuta, hilo peke yake lingenitosha hata kama mzani usingesogea.

Ramadhani ya kwanza timu ilinikataza kufunga, nikaja kuzilipa baadaye taratibu, siku za baridi zikiwa fupi. Inayofuata nilifunga kwa mpango wa daktari. Futari yangu ni tende moja natafuna sana, maji kidogo, swala ya magharibi, alafu ndo uji au bokoboko. Maji ndo kazi, huwezi kugugumia glasi nzima, inabidi usiku kucha uwe na chupa pembeni unanyonya kidogo kidogo mpaka daku. Sambusa naonja nyama ya ndani, manda naacha.

Na nikienda Tanga nabeba kadi ya hospitali imeandikwa nina bendi ya aina gani na imejazwa kiasi gani. Mbili nawaambia kila daktari kabla hajaandika kitu: sinywi diklofenaki wala ibuprofen kwa sababu zinachimba vidonda kwenye tumbo hili, na nikishikwa na malaria nikaanza kutapika mfululizo bendi inaweza kuteleza, inatakiwa ilegezwe. Safari ndefu huwa naomba wanilegeze kabisa kabla ya kupanda ndege, bora nirudi nimeongeza kilo mbili.

Ndo maana mnaoniandikia kutoka Dar mkiniuliza bendi au puto, lile la kujaza tumbo ushibe haraka, mi siwezi kuwachagulia. Puto hospitali ya Mloganzila hapo Dar wanaweka, linaingia kwa mdomo bila kupasua na baada ya miezi linatolewa. Bendi inabaki, na inahitaji mtu wa kuihudumia miaka yote. Kwa hiyo kabla hujalipa hata shilingi, popote pale, muulize daktari nani atakuwa ananijazia na kunipunguzia, yupo siku gani, zile sindano za poti zipo hapahapa au zinaagizwa, na usiku wa manane nikinasa hata maji hayapiti nampigia nani.