Penzi, upelelezi na manowari: riwaya ya Unguja 1914 inajengwaje

Wengi wanaoandika riwaya ya mapenzi yenye upelelezi ndani ya vita huanza na wapenzi wawili, kisha wakatafuta vita ya kuwatia ndani. Zinatoka hadithi mbili zinazopishana mlangoni: sura hii mapenzi, sura ile jasusi, na msomaji anaruka moja ili aiwahi nyingine. Tafuta kwanza kidokezo kimoja ambacho kikifumbuliwa kinamwokoa mpenzi na papo hapo kinalivunja penzi. Ukishakipata, kazi iliyobaki ni ya kupanga tu.

Mfano upo bandarini Unguja, Jumapili tarehe 20 Septemba 1914. Manowari ya Kiingereza, Pegasus, ilikuwa imetia nanga ikitengenezwa mitambo, haiwezi kuondoka. Kama saa kumi na moja na dakika 25 alfajiri ikatokea Königsberg ya Wajerumani, nahodha wake Max Looff. Ikaipiga kwanza tagi ya ulinzi (mashua ya kuvuta meli), Helmuth, halafu ikaanza kuipiga Pegasus kutoka umbali wa kilomita nane hivi. Mizinga minane ya Pegasus haikufika kule. Ya Königsberg ilikuwa kumi ya milimita 105, nayo ilifika. Alasiri ya siku ile Pegasus ikazama, na mabaharia wake waliokufa wamezikwa kisiwani Chapwani.

Swali la mpelelezi linajileta lenyewe: nani aliwaambia Wajerumani? Usimtwike hatia mtu halisi wa wakati ule, buni mtu wako. Na usiupeleke upelelezi kwa afisa wa Kiingereza, kwani ana mamlaka, na mwenye mamlaka huita shahidi akajibiwa. Mpelelezi asiye na cheo anahitaji kazi inayomfungulia milango. Somo, yaani kungwi wa mabibi harusi, anafaa kuliko wote. Idi ya mfungo mosi ilikuwa imepita wiki chache tu, na harusi hufuata Idi, kwa hiyo anaingia nyumba za matajiri na za maskini na anasikia ya uani. Tumwite Zuhura. Mpenzi wake, Haji, ni rubani wa vyombo mwenye jamaa Bagamoyo, yaani upande wa Wajerumani, ng'ambo ya mkondo wa kama kilomita 40. Usiku ule hakuwa mjini, na hasemi alikuwa wapi.

Sasa kidokezo. Jumamosi jioni kimekamatwa kikaratasi cha Haji chenye maneno manne, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Mtafsiri wa serikali anasoma: “Jumapili nangoja mashua kubwa.” Kesho yake manowari inakuja. Nani atahitaji ushahidi zaidi?

Lakini katika maandishi yale, mtu asiyeandika pe ya nukta tatu huandika be kwa sauti zote mbili. Kubwa na kupwa zinatoka sawasawa, herufi kwa herufi. Zuhura aliyesoma chuo cha Kurani anaona neno jingine: mashua, kupwa. Chombo kinangojwa maji yakipwa, yaani bahari ikirudi nyuma. Hapo ndipo kalenda inapofanya kazi. Mwezi ulikuwa umekwisha, usiku wa kiza, kwa hiyo maji yalikuwa ya bamvua, yanayojaa na kupwa kuliko siku nyingine. Unguja, maji ya bamvua hujaa karibu na saa kumi na kupwa karibu na saa nne. Manowari ilikuja maji yakiwa bado juu. Haji alikuwa akingoja chombo kama masaa manne na nusu baadaye, tena pwani ya Chwaka, kama kilomita 30 kutoka mjini, ambako maji yakipwa mtu hutembea mbali kwa miguu hadi chomboni bila kuiona forodha. Hana hatia. Ila kikaratasi kiliandikiwa mwanamke mwingine, aliyekuwa atoroke naye. Neno lililomtoa kitanzini ndilo lililomtoa moyoni mwa Zuhura.

Tafadhali, mwanamke yule asije akawa dada yake. Msomaji aliyevumilia sura 20 hastahili kufanyiwa hivyo.

Wengi huharibu kidokezo hiki kwa njia moja. Ukikiandika kwa herufi za Kilatini mapema umekiua, maana Kilatini hukulazimisha kuchagua p au b. Kwa riwaya ya maneno 60,000 yenye sura 30, shambulio liwe sura ya 3. Sura ya 5 msomaji asikie tafsiri tu, tena ikitoka mdomoni mwa afisa. Sura ya 7, bila kishindo, Zuhura apokee orodha ya sokoni aliyoiandika Haji, acheke kwamba “pesa” yake daima ni “besa”. Sura ya 11 aione karatasi yenyewe kwa dakika moja na asitambue kitu. Afumbue sura ya 22, tena kwa sababu ya kawaida kabisa, kwa mfano anangoja maji yapwe akaokote chaza. Orodha ya sokoni ikikosekana, ufumbuzi utaonekana umeshushwa kutoka mbinguni. Ikitajwa mara tatu, msomaji atafumbua kabla ya Zuhura na atamwona mjinga.

Weka daftari yenye safu nne: tarehe ya Kizungu, tarehe ya Kiislamu, saa, na maji. Kila tukio lipite humo kabla ya kuandikwa. Daftari hiyo itakuzuia kumbusu mtu kwenye mbalamwezi usiku ambao hapakuwa na mwezi. Itakukumbusha kwamba shahidi akisema “usiku wa Jumapili” anakusudia usiku wa kuamkia Jumapili, ilhali karani wa Kiingereza ataandika usiku wa baada yake. (Lile kosa la saa kumi na moja kuandikwa 11 limechoka, liache.) Ongeza na safu ya upepo. Septemba ni demani, mwisho wa kusi, na majahazi ya Maskati yalikuwa yakija na kaskazi kuanzia Desemba. Mhusika wako hawezi kuteremka jahazini kutoka Omani wiki ile, hata akiwa mzuri vipi.

Fedha nazo zina lao. Rupia ya Kihindi, iliyotumika Unguja, ilikuwa anna 16, pesa 64. Upande wa Wajerumani, tangu 1904, rupia ilikuwa heller 100. Heller moja kwenye mfuko wa mtu aliyeapa kuwa hajavuka ni kidokezo kidogo kizuri. Sarafu ya dhahabu ya Tabora yenye picha ya tembo usiiguse, ni ya 1916.

Fitina ya kisiasa isikae nje ya kesi. Katika riwaya, wakubwa wanamtaka jasusi kwa sababu ni rahisi kuliko kueleza kwa nini manowari ilikutwa imefungwa mitambo bandarini. Halafu historia yenyewe inakupa ngazi za kupandishia hatari. Tarehe 19 Oktoba Waingereza walikuta Lindi, ndani ya meli Präsident, hati za makaa ya mawe ya Königsberg zilizoonyesha njia ya Rufiji, na mwisho wa mwezi Königsberg ikaonekana humo deltani. Mwanzoni mwa Novemba wakashindwa vibaya Tanga. Tarehe 14 Novemba Waturuki, washirika wa Wajerumani, wakatangaza jihadi, na kuanzia hapo Mwislamu yeyote mwenye jamaa bara anatazamwa kwa jicho jingine. Haji aliyeshukiwa Septemba angeweza kuachiwa. Haji huyohuyo katikati ya Novemba yuko karibu na ukuta wa kupigiwa risasi. Kwa hiyo sura ya 22 iangukie baada ya tarehe 14, siyo kabla, na usimwache Zuhura azungumzie jihadi akiwa bado Septemba.

Kipo kitu kimoja cha kweli ambacho ukikiacha utajuta: Königsberg ilipoondoka ilitupa mlangoni mwa bandari mapipa ya mchanga ili yadhaniwe mabomu ya baharini. Wavuvi wako wakikuta pipa, watu wakimbie, na Zuhura peke yake alisogelee. Liweke sura ya 8 au ya 9, pale katikati panapoanza kulala, ajifunze kwamba kitu kinaweza kuogopwa kwa umbo lake tu. Ndicho atakachokuwa nacho akilini siku atakaposimama mbele ya afisa na karatasi ile. Mtafsiri pia awepo chumbani. Zuhura asieleze chochote. Amwombe mtafsiri aisome kwa sauti, halafu amwulize anasomaje “pesa” katika orodha ya sokoni.