Jim Calhoun na Hasheem Thabeet: tusome rekodi ya kocha vizuri

Kila likitajwa jina la Hasheem Thabeet, mjadala haukawii kumfikia kocha wake wa chuo. Upande mmoja unasema Jim Calhoun wa Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani, ni fundi aliyemchukua kijana wa Dar es Salaam aliyeanza kikapu ukubwani, akamfikisha chaguo la pili la NBA mwaka 2009. Upande wa pili unasema alimtumia miaka mitatu kama ukuta wa kuzuia mipira, kisha akamwachia NBA kazi ambayo hakuifanya yeye. Pande zote mbili hushika namba moja tu, ushindi 873 wa Calhoun, na kuipigia kelele. Hiyo 873 ndiyo namba inayoeleza machache kuliko zote.

Tuichambue. Ushindi 248 ulipatikana Northeastern, chuo cha Boston alichokifundisha kuanzia 1972. Ushindi 625 ni wa Connecticut, alikoingia 1986 na kutoka 2012. Kocha akidumu miaka arobaini, ushindi hujilimbikiza, na mechi za Novemba na Desemba dhidi ya vyuo vidogo huongeza hesabu bila kumjaribu mtu. Ukitaka kumpima kocha wa chuo, angalia kwanza alichokuta, halafu alivyomaliza Machi, mwezi wa mashindano ya taifa ya vyuo, halafu wachezaji wake walivyokua kutoka mwaka wa kwanza hadi wa tatu. Mwisho fungua faili la adhabu. Ukiliacha hilo la mwisho, unasoma nusu ya rekodi.

Alichokuta ni hivi. Connecticut ilikuwa mkiani mwa Big East, ligi iliyokuwa na Georgetown ya kocha John Thompson na Syracuse ya kocha Jim Boeheim. Chuo chenyewe kiko Storrs, mji mdogo uliozungukwa na mashamba, na hakikuwa kimewahi kufika Nne Bora, yaani nusu fainali ya mashindano ya taifa. Msimu wake wa kwanza alishinda mechi 9, akapoteza 19. Msimu uliofuata, 1988, alitwaa NIT, lile kombe la timu zilizokosa mashindano makubwa. Mwaka 1990 alimaliza na ushindi 31 na vipigo 6, akafika robo fainali na kufungwa na Duke 79-78 katika muda wa nyongeza. Ndani ya misimu minne, kutoka 9-19 hadi pointi moja nje ya Nne Bora. Kwangu huu ndio ushahidi mzito kuliko wote, kwa sababu hakuna aliyemwachia nyumba iliyokwisha kujengwa.

Sasa Machi, na hapa ndipo watu wanapokosea hesabu. Robo fainali ndiyo mlango wa Nne Bora. Calhoun aliufikia mara tisa akiwa Connecticut. Alipoteza 1990 kwa Duke, 1995 kwa UCLA, 1998 kwa North Carolina, 2002 kwa Maryland na 2006 kwa George Mason. Alishinda 1999, 2004, 2009 na 2011. Nne kwa tano, yaani chini ya nusu. Anayemwita kocha aliyekwama mlangoni ana hoja.

Lakini akishavuka, mambo hugeuka. Ndani ya Nne Bora alicheza mechi saba, akashinda sita. Fainali tatu, makombe matatu: Duke 77-74 mwaka 1999, Georgia Tech 82-73 mwaka 2004, Butler 53-41 mwaka 2011. Hiyo Duke ya 1999 iliingia fainali ikiwa imepoteza mechi moja tu msimu mzima.

Anayedai ilikuwa bahati aitazame nusu fainali ya 2004 dhidi ya Duke. Senta wake, yaani mrefu wa chini ya goli, Emeka Okafor, alipata faulo mbili ndani ya dakika nne za mwanzo. Chuoni faulo tano zinakutoa, tofauti na sita za NBA, na mpira una dakika 40 tu. Calhoun akamkalisha benchi muda wote uliobaki wa kipindi cha kwanza. Makocha wengi wangemrudisha wakiona pengo linakua. Yeye alikubali kuumia kidogo ili kipindi cha pili awe na senta huru wa kurukia kila mpira, wakati warefu wa Duke ndio wanaohesabu faulo zao. Watatu kati yao walitolewa kwa faulo. Okafor alifunga pointi 18, zote za kipindi cha pili, na Connecticut ikatoka nyuma kwa pointi 8 zikiwa zimebaki kama dakika tatu, ikashinda 79-78. Huo ni uamuzi wa kocha, uliofanyika mapema kabla mechi haijawa ya presha.

Mfumo wenyewe ulikuwaje? Ulinzi wa mtu kwa mtu, na mlinzi mmoja mrefu chini ya goli. Mlinzi wa nje hasimami mbele ya mwenye mpira kifua kwa kifua. Anasogea nusu hatua upande wa katikati, mguu mmoja mbele, ili mwenye mpira aone njia iko wazi pembeni, kuelekea mstari wa mwisho. Njia hiyo inampeleka moja kwa moja kwa senta. Senta haondoki eneo la rangi, lile lililopakwa rangi mbele ya goli. Anabaki kati ya mtu wake na goli, mikono juu, na anaruka baada ya mpigaji kuruka. Kwa kuwa nyuma kuna ukuta, mlinzi wa nje hana haja ya kushika mkono wala kusukuma, kwa hiyo faulo hupungua. Mpira ukizuiwa haupigwi kwenda jukwaani. Unaguswa tu ubaki ndani, mwenzako auchukue, na mbio zinaanza.

Fainali ya 2011 ilionyesha mfumo huo ukiwa umekamilika. Butler walipiga mipira 64, wakaingiza 12. Ukiondoa mitupo ya pointi tatu, ndani ya mstari walipata 3 kati ya 31. Wengi walisema ilikuwa fainali mbovu, na kweli haikupendeza macho. Lakini timu haipati 3 kati ya 31 kwa sababu mikono imeganda. Walikuwa wanafika golini wakiwa tayari wamempiga chenga mlinzi wa kwanza, halafu wanabadili mtupo angani kwa kuogopa mkono wa pili.

Thabeet aliuingia mfumo huu mwaka 2006 akiwa na urefu wa mita 2.21. Mwaka wa kwanza wastani wake ulikuwa pointi 6.2, rebaundi (mipira iliyokosa goli akaidaka) 6.4 na mipira 3.8 aliyozuia. Mwaka wa tatu ulikuwa pointi 13.6, rebaundi 10.8 na mipira 4.2 aliyozuia. Aliteuliwa mlinzi bora wa Big East 2008 na 2009, na mwaka huo wa pili akagawana tuzo ya mchezaji bora wa ligi na DeJuan Blair wa Pittsburgh. Pointi zimezidi maradufu. Kocha anayemtumia tu mchezaji hapati mstari kama huo.

Hata hivyo mfumo una tundu, na tundu hilo lilionekana mapema. Mwaka 2006 Connecticut, iliyopangwa namba 1 katika kanda yake ya mashindano, ikiwa na wachezaji watano waliochaguliwa NBA kiangazi kile, ilifungwa 86-84 na George Mason, namba 11. Warefu wa George Mason walikuwa wafupi kwa kipimo cha nafasi ile, lakini wanene. Hawakusubiri kuruka na warefu wa Calhoun. Waliwakalia warefu hao mapajani kabla mpira haujafika, wakapokea karibu na goli, wakageuka na kufunga kabla mkono haujainuka. Mzuiaji anahitaji nafasi ya hatua moja ili aruke. Ukimnyima hatua hiyo, sentimita zake za ziada hazifanyi kazi.

Miaka mitatu baadaye, tarehe 16 Februari 2009, mjini Hartford, tundu lilikuwa lile lile. Connecticut ilikuwa namba 1 nchini. Blair ana urefu wa mita 2.01 tu, lakini kilo zake na za Thabeet kwenye karatasi zilikaribiana sana. Tofauti ni kwamba uzito wa Blair ulikuwa chini, kwenye nyonga, na wa Thabeet ulikuwa juu. Blair akapata pointi 22 na rebaundi 23. Thabeet akapata pointi 5 na rebaundi 4. Pittsburgh ikashinda 76-68. Wengi wanakumbuka pale Blair alipomrusha Thabeet juu ya bega, mkono wake ukiwa umenaswa. Mimi naona zaidi yaliyofuata: Thabeet aliendelea kusimama wima, magoti yamenyooka, nyuma ya mtu aliyekwisha kuikamata nafasi.

Nne Bora ya mwaka huo ikafunua upande mwingine. Michigan State waliifunga Connecticut 82-73 kwa kukimbia. Walivuka nusu uwanja kabla Thabeet hajarudi chini ya goli, na ukuta ambao haujafika si ukuta. Tukumbuke pia kwamba Jerome Dyson, mlinzi wa nje muhimu, aliumia goti Februari. Mfumo unaomtegemea senta nyuma unaanza na presha ya mlinzi wa mbele, na presha ile ilipungua.

Sasa lile swali la NBA. Watu huuliza kwa nini mlinzi bora wa ligi kubwa ya vyuo alimaliza NBA na wastani wa pointi 2.2. Jibu liko zaidi kwenye kanuni kuliko kwenye moyo wa mchezaji. Chuoni hakuna kosa la ulinzi la sekunde tatu: senta anaweza kukaa eneo la rangi anavyotaka. NBA inaadhibu mlinzi anayekaa humo zaidi ya sekunde tatu bila kumkaba mtu kwa karibu. Mstari wa pointi tatu wa chuo mwaka 2009 ulikuwa mita 6.32, wa NBA ni mita 7.24, isipokuwa pembeni. Kwa hiyo uwanja unatanuka, senta anavutwa nje kwenye skrini, pale mshambuliaji anaposimama kumzibia mlinzi njia, na analazimika kusogea pembeni kwa miguu mifupi ya haraka. Kazi aliyoifanya vizuri Storrs ndiyo ile ambayo NBA iliizuia kwa kanuni.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema Calhoun alimharibu. Ila siwezi kumwondolea lawama yote. Mfumo ulimfaa Thabeet kiasi kwamba ulificha kasoro zake: nyonga za juu, kupokea mpira akiwa amesimama wima, uzito wa kugeuka. Timu yenye ushindi 31 na vipigo 5 haina sababu ya kumtoa senta wake golini ili ajifunze kukaba nje. Kocha wa chuo analipwa kwa ushindi wa Machi. Aliyemchagua namba 2, mbele ya James Harden na Stephen Curry, ndiye aliyepaswa kuuliza hayo maswali.

Faili la adhabu halina utetezi wa namna hiyo. Matokeo ya Connecticut katika mashindano ya 1996 yalifutwa katika kumbukumbu kwa sababu wachezaji wawili walipokea tiketi za ndege. Februari 2011 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, iliiweka Connecticut chini ya uangalizi kwa miaka mitatu, ikapunguza nafasi za ufadhili, na kumfungia Calhoun mechi tatu za ligi. Chanzo ni meneja wa zamani wa timu aliyegeuka wakala na kumgharamia kijana aliyekuwa anasajiliwa, pamoja na simu na ujumbe mfupi uliozidi kiwango kinachoruhusiwa. Wiki sita hivi baadaye alitwaa kombe, akiwa na miaka 68, kocha mzee kuliko wote waliowahi kulitwaa. Nawaelewa waliofurahi na nawaelewa walioumia.

Kuna jambo lililoleta aibu zaidi ya hilo, nalo halijadiliwi sana huku kwetu. NCAA ina alama ya maendeleo ya masomo. Kila mchezaji mwenye ufadhili ana pointi mbili kwa muhula: moja kwa kubaki chuoni, moja kwa kufaulu vya kutosha kuendelea kucheza. Zinajumlishwa, zinagawanywa kwa zilizowezekana, zinazidishwa kwa 1000. Wakati ule timu ilikuwa na wachezaji 13 tu wa ufadhili, kwa hiyo mmoja aliyeondoka kwenda NBA bila kumaliza mitihani ya muhula alipoteza pointi mbili na kuishusha timu nzima. Anayeondoka kwenda kucheza kulipwa akiwa amefaulu hahesabiwi hasara. Katika mwaka wa masomo 2009-10 Connecticut ilipata 826. Matokeo yake, timu ilizuiwa kucheza mashindano ya 2013, na adhabu ikawaangukia vijana ambao wengi wao hawakuwapo 2009. Calhoun alikuwa amekwisha kustaafu.

Sharti lile halihitaji vipaji. Linahitaji mtu wa kukaa na mchezaji Aprili na Mei, msimu ukiwa umekwisha na mawakala wanapiga simu, kuhakikisha anafanya mtihani wa mwisho kabla ya kupanda ndege. Kocha aliyeweza kumpangia Okafor dakika za benchi kwa umakini ule hakushindwa kupanga hilo. Hakuona kama lina uzito. Mwaka 2009 alipoulizwa mbele ya waandishi kuhusu mshahara wake wa dola milioni 1.6 wakati jimbo lina nakisi ya bajeti, alijibu kwa ukali kwamba hata senti kumi hairudishi. Sauti ni ile ile ya mtu anayeamini uwanja unalipa madeni yote.

Kwa upande wa mpira, namweka katika makocha kumi bora wa vyuo, na sitetereki kwa ajili ya ile nne kwa tano ya robo fainali. Kwa upande wa chuo, namweka chini sana. Mwenye shaka kuhusu Thabeet aitafute mechi ya Hartford, aache kuufuata mpira, na kwa dakika kumi atazame miguu yake tu kila Blair anapoomba pasi chini ya goli.